Kuchora Binti Aliyevaa Nyeupe kwa Rangi za Mafuta: Mwongozo Kamili wa Namna ya Waimpreshonisti

Gauni jeupe ndilo linalowashinda wengi. Uso unatoka, mikono inatoka, hata kiti kinatoka. Likifika gauni, mchoraji anafungua tyubu ya rangi nyeupe na kulijaza. Kinachofuata ni moja kati ya mawili: gauni linakuwa bamba la chokaa lisilo na mwili ndani yake, au, baada ya kuongezewa nyeusi "ili lipate kivuli", linakuwa kijivu na kuonekana chafu.

Sababu ni moja. Sehemu kubwa ya gauni jeupe haichorwi kwa rangi nyeupe. Huchorwa kwa rangi hafifu za bluu, waridi, njano na udongo, ambazo jicho la mtazamaji huziunganisha lenyewe na kuziita nyeupe. Aliyewahi kufua shati jeupe na kulisuuza kwa buluu ya kufulia anaijua siri hii tayari: kidogo cha bluu ndicho kinacholifanya jeupe lionekane jeupe.

Renoir, mmoja wa Waimpreshonisti (wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 waliofuatilia mwanga na rangi zake), alimchora hivyo Lise Tréhot, binti aliyemkalia kama modeli, mwaka 1867, amesimama msituni na mwavuli, gauni likiwa juani na uso kivulini. Mwenzake Berthe Morisot alifanya hivyo karibu mwaka 1879 katika picha yake ya binti aliyevaa gauni la dansi, ambayo sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Zitazame picha hizo mbili kwenye simu kabla ya kuanza, kisha ukuze gauni tu hadi lijae kioo. Utashangaa ni mahali pachache kiasi gani penye nyeupe tupu.

Mwongozo huu ni wa picha ya sentimita 50 kwa 60, ya binti aliyeketi karibu na dirisha. Nachukulia kwamba umeshawahi kuchora uso kwa penseli ukapata mfanano wa kuridhisha. Kama bado, anza huko, kwa sababu rangi haitakuokoa pale umbo lilipokosewa.

## Vifaa

Rangi. Majina kwenye tyubu hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, lakini namba ya kemikali ya rangi haibadiliki. Isome nyuma ya tyubu. Unahitaji hizi:

- Nyeupe ya titani, PW6. Nunua tyubu kubwa, mililita 200 ukiweza.
- Bluu ya ultramarini, PB29.
- Njano ya udongo, PY43 au PY42.
- Njano ya kadmiamu, PY35.
- Nyekundu ya kadmiamu, PR108.
- Waridi ya kwinakridoni, PV19.
- Siena iliyochomwa, PBr7.
- Kijani cha viridiani, PG18.

Kiasi hiki kinatosha. Mwenye bajeti ndogo aache viridiani na nyekundu ya kadmiamu kwanza, lakini asiache waridi. Ndiyo inayokipa kivuli cha gauni uhai.

Nyeupe ya zinki, PW4, usiitumie peke yake kwenye tabaka nene. Ikizeeka hukakamaa na kupasuka. Nyeupe ya risasi, PW1, ndiyo waliyoitumia wachoraji wa zamani. Ina uzuri wake, lakini ni sumu na huna sababu ya kuiingiza nyumbani kwako.

Tahadhari ya dukani. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba "rangi ya mafuta", utapewa rangi ya milango na madirisha. Wachoraji wa Tingatinga hutumia rangi za kung'aa za namna hiyo na hufanya nazo kazi nzuri sana, kwa sababu mtindo wao unataka rangi bapa na mistari safi. Kwa kazi hii haifai: hushika ngozi juu haraka, na rangi mbili hazichanganyiki juu ya kanvasi. Omba rangi za mafuta za wachoraji, za kwenye tyubu.

Brashi. Brashi bapa ngumu namba 4, 6, 8 na 10, mbili kwa kila namba, na moja laini ndogo kwa ajili ya uso. Asiyetaka brashi za manyoya ya nguruwe atafute ngumu za sinthetiki. Zipo na zinafanya kazi vizuri. Usinunue brashi nyembamba zaidi ya hapo. Brashi ndogo ndiyo inayomwingiza mchoraji kwenye kudonadona.

Kanvasi au ubao. Kanvasi iliyokwisha kupakwa jeso (rangi ya msingi inayozuia mafuta yasiingie kwenye kitambaa), au hadibodi iliyosuguliwa kwa msasa na kupakwa jeso mara mbili au tatu. Kamwe usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye kitambaa kisicho na jeso. Mafuta huozesha nyuzi, na kitambaa hudhoofika kadiri miaka inavyopita.

Paleti (ubao wa kuchanganyia rangi) ya kijivu au kahawia. Usitumie sahani nyeupe. Juu ya sahani nyeupe kila mchanganyiko wa gauni utaonekana mweusi kuliko ulivyo, nawe utazidi kuongeza nyeupe bila sababu. Kipande cha kioo kilichowekewa karatasi ya kijivu chini yake kinatosha kabisa.

Vingine. Mafuta ya kitani, kiasi kidogo cha waiti spiriti (kiyeyusho cha kulainishia rangi) kwenye chupa yenye kifuniko, kisu cha kuchanganyia rangi, matambara mengi ya pamba, sabuni ya mche, chaki, na kadi ndogo nyeupe yenye tundu la ukubwa wa shilingi. Usitumie petroli wala thina kali ya kupulizia magari. Fungua madirisha muda wote wa kazi.

## 1. Chagua dirisha kabla ya kuchagua gauni

Vitabu vya Ulaya vitakuambia utafute dirisha la kaskazini. Ushauri huo ni sahihi Paris, ambako jua halipiti upande huo mchana. Kwetu, karibu na ikweta, unakuwa sahihi nusu ya mwaka tu. Dar es Salaam, kuanzia Aprili hadi Septemba, jua la mchana huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha lenye mwanga tulivu ni la kusini. Kuanzia Novemba hadi Januari jua huhamia kusini, na hapo dirisha la kaskazini ndilo linalofaa.

Unachokitafuta ni mwanga wa anga usioguswa na jua lenyewe. Jua likiingia moja kwa moja chumbani, vivuli vitahama kila baada ya dakika chache, na gauni uliloanza nalo saa tatu asubuhi si gauni utakaloliona saa tano.

Mketishe binti mita moja hadi mbili kutoka dirishani, mwanga umpige ubavuni na kidogo mbele. Mwanga wa mbele kabisa hufuta mikunjo. Mwanga wa nyuma ni mzuri ajabu, lakini uache kwa picha ya tatu au ya nne. Zima taa za chumbani, maana taa ya njano upande mmoja na anga ya bluu upande wa pili zitakuchanganya.

Gauni liwe la pamba au kitani. Satini hung'aa kwa vipande vikali, na huo ni mtihani mwingine. Nyuma ya binti weka kitu chenye rangi ya wastani: pazia la kijani iliyofifia, ukuta wa rangi ya udongo, au khanga iliyochujuka. Ukimweka mbele ya ukuta mweupe, gauni litapotea. Ukimweka mbele ya ukuta mweusi, litakatwa kama kwa mkasi.

Mwachie achague mkao anaouweza. Weka alama za chaki sakafuni penye miguu yake na miguu ya kiti, umpumzishe kila dakika 20, na umpe maji. Binti aliyechoka hushuka mabega polepole, na mchoraji asiyetambua hilo huchora watu wawili katika mwili mmoja.

Ukilazimika kutumia picha ya simu, piga mbili bila kumsogeza: moja ukigusa kioo penye gauni, nyingine ukigusa penye uso. Mara nyingi simu haivioni vizuri vyote viwili kwa pamoja. Ikilishika gauni, ngozi ya kahawia inageuka giza; ikiushika uso, gauni linaungua na kubaki jeupe tupu lisilo na mkunjo hata mmoja. Wengi wanaoshindwa na gauni wanachora kutoka kwenye picha ya aina hii ya pili, na kile wanachokitafuta hakimo humo.

## 2. Paka kanvasi rangi ya kati

Siku moja kabla, chukua siena iliyochomwa na ultramarini kidogo, uzilainishe kwa waiti spiriti, upake kanvasi nzima kisha uipanguse kwa tambara hadi ibaki na kijivu cha joto, cha wastani. Iache ikauke usiku kucha.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayosaidia kuliko zote. Juu ya kanvasi nyeupe, rangi hafifu ya kivuli cha gauni huonekana nzito mno, mchoraji anaogopa, anaiongezea nyeupe, na mwisho kivuli na mwanga vinalingana. Juu ya rangi ya kati, utaona papo hapo kwamba hata kivuli cha gauni kina mwanga ndani yake.

Umefanikiwa kama pigo moja la nyeupe linaonekana kung'aa na pigo moja la siena linaonekana zito. Kama moja tu ndilo linaloonekana, rangi ya chini imeelemea upande mmoja.

## 3. Soma mwanga kabla ya kugusa rangi

Finya macho hadi maelezo madogo yapotee. Sasa jiulize maswali mawili tu.

Kipi ni cheupe zaidi ya kipi? Chukua ngazi kumi, moja ikiwa giza kabisa na kumi ikiwa nyeupe ya tyubu. Kwa binti mwenye ngozi ya kahawia aliyevaa nyeupe kando ya dirisha, mara nyingi nakuta mpangilio huu: gauni penye mwanga ngazi ya tisa, gauni kivulini ya sita au saba, uso penye mwanga ya nne au tano, uso kivulini ya pili au tatu.

Hapa lazima tuache kufuata masomo ya Ulaya kwa upofu. Kwa mtu mweupe, uso penye mwanga na kivuli cha gauni hukaribiana sana, na mwalimu wa huko hutumia nguvu nyingi kuvitenganisha. Kwetu, hata kivuli cha gauni ni cheupe kuliko paji la uso lenye mwanga. Mtego wetu ni kinyume chake: tunaogopa umbali huo, tunaupauza uso ili ufanane na gauni, na binti anapoteza rangi yake. Usifanye hivyo. Umbali huo ndio uzuri wa picha yako.

Mwanga ni wa joto au wa baridi? Wengi wameshika kwamba "vivuli vya Waimpreshonisti ni vya bluu", kisha wanapaka bluu kila mahali. Vivuli vya bluu ni vya nje, juani: jua ni la njano, na kivuli hupata mwanga wake kutoka kwenye anga. Kando ya dirisha lisilo na jua mambo hugeuka. Mwanga wenyewe ndio unaotoka angani, kwa hiyo sehemu zenye mwanga zina ubaridi kidogo, na vivuli vinachukua joto la chumba: sakafu, ukuta, mbao, ngozi ya binti mwenyewe.

Shika kadi yako yenye tundu, nyoosha mkono, na uchungulie kivuli cha gauni kupitia tundu lile. Ukikitenga hivyo na vilivyokizunguka, utaiona rangi yake halisi, na karibu kila mara si ile uliyoifikiria.

## 4. Weka umbo kwa brashi

Tumia brashi namba 4 na siena iliyolainishwa kwa waiti spiriti. Usitumie penseli, kwa sababu penseli inakualika kuchora kope kabla hujajua bega liko wapi.

Anza na alama nne: utosi, kidevu, ncha ya bega la juu, na mahali picha inapokatika chini. Acha nafasi zaidi upande ule anaoutazama. Kisha weka mwelekeo wa macho kwa mstari mmoja, na mwelekeo wa mabega kwa mwingine. Mistari hii miwili ikienda sambamba, binti atakaa kama amepiga picha ya pasipoti. Msogeze kichwa kidogo.

Chora mpaka kati ya mwanga na kivuli kama umbo, kwenye uso na kwenye gauni. Usihesabu mikunjo. Tafuta mikunjo mitatu au minne mikubwa inayoeleza mwili: inayotoka begani, inayoanzia kiunoni, inayovunjika penye paja. Mingine iache.

Umefanikiwa kama mtu aliyesimama mita tatu nyuma anaweza kusema binti ameelekea wapi na uzito wake umekaa upande gani.

## 5. Changanya rangi zote kabla ya kuanza kupaka

Hii ni kazi ya nusu saa, na ukiiruka utailipia mchana kutwa. Kwa kisu, si kwa brashi, andaa mafungu makubwa. Mchoraji mwenye rangi kidogo kwenye paleti hupaka kwa ubahili, na ubahili ndio unaoleta michubuko ya rangi iliyokauka juu ya gauni.

Kwa gauni kando ya dirisha:

- Mwanga: nyeupe nyingi, chembe ya ultramarini, chembe ndogo zaidi ya waridi.
- Kati: nyeupe, ultramarini na waridi hadi upate zambarau hafifu, kisha njano ya udongo kidogo kuituliza.
- Kivuli: nyeupe, njano ya udongo, siena, na ultramarini kidogo. Itafute rangi ya mchanga mkavu wenye ukijivu.
- Mwanga unaorudi: fungu la kivuli likiongezewa waridi na njano ya udongo. Hili ni la chini ya mkono, ndani ya mkunjo, na pale ngozi inapolitupia gauni joto lake.

Ukiwa nje juani, geuza: mwanga ni nyeupe na chembe ya njano ya kadmiamu, kivuli ni nyeupe, ultramarini na waridi, mwanga unaorudi hubeba rangi ya ardhi au ya majani.

Sasa pima. Weka nukta ya nyeupe ya tyubu kandokando ya fungu lako la mwanga. Tofauti lazima ionekane bila kuitafuta. Isipoonekana, umekwisha kutumia akiba yako yote kabla ya kuanza, na mwishoni hutakuwa na kitu cheupe zaidi cha kuweka penye mng'ao.

Kwa ngozi ya kahawia:

- Mwanga: siena, njano ya udongo, nyekundu ya kadmiamu kidogo, nyeupe kidogo sana.
- Kati: siena na waridi.
- Kivuli: siena na ultramarini, bila nyeupe yoyote.
- Mng'ao wa paji, pua na shavu: rangi ya mwanga ikiongezewa nyeupe, ultramarini na waridi, hadi iwe na ubaridi wa anga.

Nyeupe ikizidi kwenye ngozi ya kahawia, ngozi inapauka kama isiyopakwa mafuta. Ukitaka kuipandisha mwanga, panda kwanza kwa njano ya udongo na nyekundu. Nyeupe ije mwisho.

Kuhusu nyeusi: Manet, mchoraji wa Ufaransa wa zama zilezile, aliitumia kwa ustadi mkubwa, kwa hiyo sisemi imeharamishwa. Lakini nyeusi na nyeupe zikichanganywa hutoa kijivu kilekile popote utakapokipeleka, na gauni linahitaji vijivu vingi tofauti. Kwa picha hii, usiifungue.

## 6. Jaza maeneo makubwa, kuanzia nyuma

Tumia brashi namba 10 na 8. Anza na mandhari ya nyuma, kisha vivuli vya gauni, kisha vivuli vya uso na nywele, kisha rangi ya kati ya gauni, kisha mwanga wa uso. Mwanga wa gauni uje mwisho.

Mpangilio huu una sababu. Huwezi kujua gauni ni jeupe kiasi gani hadi uone kilicho nyuma yake, na huwezi kuupima uso hadi kivuli cha gauni kiwe mahali pake.

Vivuli vipake vyembamba, ukiacha rangi ya chini ichungulie hapa na pale. Bado usisawazishe chochote. Picha ya hatua hii ni mbaya na inapaswa kuwa mbaya: mabaka makubwa, kingo zilizokatika, macho hayapo. Vumilia. Ukianza kulamba rangi sasa ili ipendeze, hutapata tena nafasi ya kupaka kwa uhuru.

Simama mita tatu nyuma na ufinye macho. Kama binti anaonekana ameketi na gauni linaonekana jeupe ingawa hujatumia nyeupe tupu, umeshavuka sehemu ngumu zaidi ya kazi hii.

## 7. Uso

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa wengi hawakwami kwenye uso.

Uchukulie uso kama nyuso ndogo zilizogeukia pande mbalimbali: paji, upande wa pua, shavu, chini ya mdomo. Kila moja ipate pigo moja au mawili ya rangi yake. Tundu la jicho lipake zima kama kivuli kabla ya kuweka jicho ndani yake. Weupe wa jicho si mweupe. Ni kijivu cha joto, na ukiuweka mweupe jicho litaruka nje ya picha kushindana na gauni.

Tafuta rangi ya gauni chini ya kidevu na kwenye shingo. Gauni jeupe hutupa mwanga juu, na mwanga huo mwembamba chini ya taya ndio unaomuunganisha binti na nguo yake. Bila huo, kichwa kinaonekana kimebandikwa.

## 8. Gauni

Hapa nenda polepole.

Pakia, gusa, inua, pangusa. Chota rangi ya kutosha kwa brashi namba 8, weka pigo moja, inua mkono, pangusa brashi kwa tambara, kisha chota tena. Mapigo mawili au matatu kwa rangi moja, si zaidi. Brashi isiyopanguswa huokota rangi ya jirani, na baada ya mapigo kumi mafungu yako manne yamekuwa fungu moja la matope. Hiki ndicho chanzo cha magauni mengi machafu. Rangi zenyewe mara nyingi zilikuwa sahihi kwenye paleti.

Fuata mwendo wa kitambaa. Kinachoanguka kutoka kiunoni kipake kwa mapigo marefu ya kushuka. Kinachozunguka bega kipake kwa mapigo yanayopinda na bega. Kinachokusanyika mapajani kipate mapigo mafupi yanayokatana. Mtazamaji anausoma mwili kupitia mwelekeo wa brashi, hata pale ambapo rangi haibadiliki.

Weka rangi kando kwa kando. Zambarau hafifu ikikaa karibu na njano hafifu, zote zikiwa na ngazi moja ya mwanga, gauni linatetema kwa nuru. Ukizisugua pamoja, nuru inakufa. Lakini angalia neno "ngazi moja". Mapigo ya rangi mbalimbali yenye ngazi tofauti hayatoi nuru, hutoa mabaka. Ukiona mabaka, finya macho: pigo linaloruka ndilo lenye ngazi isiyo yake. Libadilishe hilo tu.

Mwanga mnene, kivuli chembamba. Rangi nene hukamata mwanga wa chumba juu ya matuta yake, na macho huisogeza mbele. Rangi nyembamba hurudi nyuma. Kivuli kikipakwa kinene kitang'aa usipotaka.

Poteza kingo. Gauni jeupe lililozungushiwa mstari wote ni karatasi iliyokatwa. Tafuta mahali ambapo upande wa kivuli unakaribiana na mandhari ya nyuma kwa ngazi, kisha uvute brashi kavu kutoka upande mmoja hadi mwingine mara moja. Morisot alikuwa hodari wa hili: mapigo ya gauni na ya mandhari huingiliana hadi huwezi kusema limeishia wapi, na bado binti anaonekana wazi. Acha ukingo mkali sehemu chache tu, hasa karibu na uso na pale mwanga unapopiga bega.

Lesi, vifungo na mishono visichorwe kimoja kimoja. Dokeza mahali pamoja kwa uangalifu, karibu na shingo, jicho litakamilisha kwingine.

## 9. Nyeupe ya mwisho

Sasa chota nyeupe ya titani, karibu tupu, kwa ncha ya brashi safi. Iweke mahali patatu, pengine panne: juu ya bega lililo karibu na dirisha, kwenye mgongo wa mkunjo mmoja mkubwa, kwenye ukingo wa mkono wa gauni. Pigo moja kila mahali, nene, bila kurudia.

Ukisikia hamu ya kuweka la tano, rudi nyuma mita tatu kwanza. Tatizo likiwa gauni halijang'aa, tiba kwa kawaida iko kwenye vinavyolizunguka: shusha kidogo mandhari ya nyuma, au ipe nguvu siena ya shavu.

## 10. Makosa yanayojirudia, na namna ya kuyaponya

Gauni la chokaa. Mwanga umepanda mno. Kwangua kwa kisu sehemu za mwanga, usipake juu yake. Rudisha fungu la mwanga, na akiba ya nyeupe itapatikana tena.

Gauni la samawati. Bluu imetumika kwenye mwanga na kwenye kivuli pia. Chagua upande mmoja. Kando ya dirisha, ongeza njano ya udongo kwenye vivuli.

Gauni la matope. Kusugua kumezidi. Acha kazi ikauke siku kadhaa, kisha upake upya juu yake kwa mapigo machache na brashi safi. Ukiendelea ikiwa mbichi unaongeza matope.

Uso uliopauka. Pangusa mwanga wa uso wote kwa tambara, na uanze tena kwa siena na njano ya udongo bila nyeupe. Usijaribu kuurekebisha kidogokidogo.

## 11. Kikao cha pili, kukauka na usafi

Ukirudi baada ya rangi kukauka, tabaka jipya liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Ongeza matone machache ya mafuta ya kitani, usiongeze waiti spiriti. Tabaka la juu lisilo na mafuta ya kutosha hukauka kabla ya la chini, kisha la chini likiendelea kujivuta, la juu linapasuka.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji bali kwa kushikana na hewa, kwa hiyo usiifungie kabatini, wala usiiache kwenye jua kali. Itundike penye hewa, mbali na vumbi na moshi wa jikoni. Gizani mafuta ya kitani huwa ya njano, na gauni jeupe litakuwa la kwanza kuonyesha hilo.

Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje wala kuyarundika kwenye ndoo. Yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje hadi yakakamae, au yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kabla ya kuyatupa. Brashi zipanguse, zioshe kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu hadi povu litoke jeupe, kisha uzilaze. Ukizisimamisha na manyoya juu zikiwa mbichi, maji hushuka kwenye mpini na kuuozesha.

Vanishi isubiri miezi sita, na mwaka mzima pale ulipopaka nene. Pissarro, Mwimpreshonisti mwingine, na wenzake wengi hawakuitaka kabisa, kwa sababu mng'ao wake huziba ule ukavu wa rangi waliouhangaikia. Ukiona lazima uikinge picha na vumbi, chagua vanishi isiyong'aa na uijaribu kwanza kwenye kona ya chini ya mandhari, si kwenye gauni.